Sifuri Kumi na Tano

Kila asubuhi mwalimu wa fizikia alifungua maabara na kupangusa meza kabla wanafunzi hawajaingia. Leo alikomea mlangoni, kitambaa mkononi. Mwalimu mkuu alikuwa mbele ya ukuta, anahesabu kwa rula sifuri za namba ndefu iliyochorwa hapo kwa rangi ya bluu, fundi wa rangi kasimama kando yake.

"Mwaka mmoja wa nuru kwa femtomita, kile kipimo cha ndani ya atomu," alisema mwalimu mkuu. "Zimepungua sifuri kumi na tano. Fundi, umezila?"

"Mzee, mimi nachora ninachoambiwa."

"Basi kusanya makopo yako. Kuta za madarasa nitampa mwingine."

Mwalimu wa fizikia alihisi uso ukiwaka moto. Ni yeye aliyemtajia fundi ile namba, mbiombio, kengele ikilia. Alikuwa ameugeuza mwaka wa nuru kuwa mita, akaishia hapo. Kutoka mita kushuka hadi femtomita, ndiko ziliko sifuri kumi na tano, hakufika.

Fundi alimtupia jicho mara moja tu, kisha akainama kufunika kopo. Kwenye ukucha wa kidole gumba palikuwa na tone la bluu, bado bichi.

"Rahisi ni ghali. Au sio, mwalimu?" mwalimu mkuu alimgeukia.

Kuitikia ndiyo kulikuwa tayari ulimini, kama siku zote.

"Hapana, mzee," alisema. "Fundi hakula kitu. Sifuri hizo nilizisahau mimi."