Tone Jekundu Juu ya Nati

Rangi ilipasuka kabla nati haijazunguka. Lilikuwa tone jekundu, dogo kama punje ya mtama, na vipande vyake vilimwagika juu ya injini. Fundi alivipuliza, akaendelea kuvuta spana.

"Imegoma?" mlinzi aliuliza kutoka kivulini.

"Inakuja."

"Uliikaza mwenyewe, sasa utamlaumu nani? Kuku wako, manati ya nini!" Akacheka peke yake.

Lori lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi siku tatu zilizopita. Taa ya kushoto haikuwepo, wala kioo cha mbele. Boneti ilifunguka nusu tu, kwa hiyo fundi alifanya kazi akiwa amepinda shingo, vidole vikiona badala ya macho. Haikumsumbua. Miaka thelathini na moja alikuwa amefungua kabureta za malori ya aina hii. Waya wa kanyagio la mafuta kwanza. Kisha mpira wa petroli, ambao aliuziba kwa kipande cha penseli usidondoshe. Kisha nati nne.

Alikuwa amepewa nusu saa, wakati karani amekwenda kula. Kwa kisingizio, alikuja kuchukua sweta na viatu vya mwanawe, dereva wa lori hilo, vilivyobaki kwenye kabini. Mlinzi aliupokea mfuko wake, akaupima uzito kwa mkono, akachungulia, akamrudishia. Waliwahi kuwa majirani.

"Mimi naangalia barabara," alisema sasa. "Lakini nikwambie, mzee mwenzangu. Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba mwenye lori alikutuma ununue kabureta mpya, nawe ukaisugua ileile kuukuu kwa petroli ukaifunga tena. Ndiyo maana gari likazima mteremkoni, breki zikawa ngumu kama ukuta, likamkuta mshona viatu pale alipokaa."

Fundi alitoa nati ya tatu, akaiweka kwenye kifuniko cha kopo pamoja na zile mbili.

"Na kijana wako ndivyo alivyoandikisha," mlinzi aliendelea. "Injini ilizima. Kesho saa tatu mkaguzi anakuja kufungua. Akikuta kabureta mbovu, unalala ndani wewe. Akikuta nzima, basi mwanao amesema uongo, na miaka ni yake."

"Najua."

"Unajua, na uko hapa na mfuko." Mlinzi alitema mate pembeni. "Sikulaumu. Shingo ni moja. Ila mimi ningekuwa na mtoto mmoja tu kama wewe..."

Fundi aliihamisha spana hadi nati ya nne. Tangu Jumatatu hakuwa amehisi kitu ambacho angeweza kukitaja jina. Alikula, akalala, akaamka. Mkewe alimpakulia chakula, kisha akakaa upande wa pili wa meza kama mpangaji. Leo asubuhi tu ndipo alipofungua mdomo.

"Wewe hutupi chuma chakavu," alisema.

"Situpi."

Basi. Akaenda kuosha vyombo.

"Na rangi yako je?" Sauti ya mlinzi ilikuwa imeshuka. Mji mzima uliijua rangi hiyo. Kazi aliyoimaliza kwa mkono wake, fundi aliiwekea tone jekundu juu ya kila nati. Mteja akirudi na malalamiko na tone likiwa halijapasuka, kosa lilikuwa la fundi, na alirudia kazi bila kubishana. "Tone lako ni sahihi yako. Mkaguzi atalitafuta hilo kwanza."

"Nimekuja na kichupa."

"Duh! Umefikiria kila kitu wewe."

Nati ya nne ilitoka. Aliinyanyua kabureta taratibu. Gasketi iliyoziba chini yake ilibaki mahali pake, haikuchanika. Akafunua kitambaa ndani ya mfuko, akaitoa kabureta ya pili, akaikalisha juu ya bolti zilezile. Alizirudisha nati moja moja, akaruka kutoka pembe hadi pembe, robo mzunguko kila moja, ili isikae upande. Mpira wa petroli. Waya.

"Tayari? Karani hachelewi kula yule, anameza tu kama bata."

"Dakika mbili."

Ile aliyoitoa aliishika kwenye jua. Ndani yake mlipita kijiti cha chuma. Hapo ndipo kabureta iliyochakaa hupenyeza hewa, na injini huzima mguu ukitoka kwenye mafuta. Alikikamata kwa vidole viwili, akakitikisa. Hakikucheza. Ilikuwa na wiki tatu tu tangu aitoe kwenye boksi lake, na namba zake zilikuwa bado zinang'aa. Aliiviringisha ndani ya sweta ya mwanawe.

"Injini haikuzima, baba," kijana alikuwa amemwambia jana kupitia nondo za mahabusu, macho sakafuni. "Nilisinzia."

Akainama tena chini ya boneti. Alikitikisa kijiti cha ile kuukuu aliyoifunga. Kikagonga kushoto, kikagonga kulia, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kisha akafungua kichupa, akachovya njiti ya kiberiti, akaweka tone jekundu juu ya nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.