Redio Uwanjani

Chande hakuwahi kuiona mechi ya timu mbili za watani wa jadi kwa macho yake. Miaka yote aliisikiliza nyumbani. Siku ile alikaa karibu kabisa, nyuma ya goli la wapinzani, redio ndogo sikioni kama mashabiki wenzake wote, maana katika mji huo hakuna aliyeiamini mechi bila mtangazaji.

Zilibaki dakika mbili, timu ziko sare, mshambuliaji wa timu yake Chande alipoachia shuti. Chande aliuona mpira ukipita katikati ya milingoti, ukatoboa wavu uliochakaa, ukatokea nyuma na kudunda mpaka miguuni pake.

"Goli!" akaruka, mikono juu.

Aliruka peke yake.

"Lo! Umetoka nje!" redio zote zililia kwa pamoja, kwa sauti ileile aliyoipenda tangu ujanani. Mwamuzi naye akaashiria umetoka. Mashabiki wakashika vichwa.

"Mama, umeingia! Si umepita hapa hapa mbele yetu?" alimwambia mwanamke wa makamo aliyeketi kando yake, amevaa jezi kama yake.

Mama yule alimtazama kwa huruma. "Kaa chini, baba. Macho yako yamshinde mtangazaji?"

Chande akaketi, mpira mapajani. Mchezo uliendelea kwa mpira mwingine, ukahamia upande wa pili. Hapo ndipo kipa wa wapinzani alipochuchumaa nyuma ya goli lake, akachomoa kamba ya kiatu, akaanza kuliziba tundu.

Akainua uso. Macho yao yakakutana.

Kipa akakaza fundo.