Mgonjwa Haongei

Kiharusi kilipompata Bi Mnkande, kilimfutia Kiswahili chote, kikamwachia Kibondei cha utotoni. Sheria ilisema lugha isiyo rasmi haifundishwi shuleni, wala hospitalini haihesabiwi kuwa maneno. Kwa hiyo mashine kando ya kitanda iliandika, "Mgonjwa haongei."

Lakini aliongea. Alimshika mkono bintiye Mwantumu, akarudia maneno yale yale huku akilia.

"Mama, sikuelewi," Mwantumu alisema.

"Damu imeganda mguuni pia, dada, umeoza; usipokatwa atakufa," daktari alimwambia. "Yeye hawezi kuamua, amua wewe."

Mwantumu akaweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine. Mguu ukakatwa.

Kesho yake mfagiaji wa wodi, mama wa makamo, alimsogelea Mwantumu. "Mimi ni Mbondei," alinong'ona. "Jana mama yako alikuwa anasema, niacheni nife na miguu yangu yote miwili."

"Mbona ulinyamaza?"

"Kutafsiri lugha isiyo rasmi ni kosa, mwanangu. Ningefungwa."

Bi Mnkande akafumbua macho. Akapapasa shuka, akamtazama bintiye, akasema neno moja.

Mfagiaji akainamisha kichwa.

"Usiniambie," Mwantumu alisema.