Manowari ya Mbao za Paleti

Kilio kilipokwisha, Godefroid, mdogo wa marehemu mume wangu, alipakia sanduku langu kwenye gari lake.

“Shemeji, ukoo umeamua. Unahamia kwetu, mjini DeSoto. Mjane ataendeshaje nyumba peke yake?”

Niliteremsha kutoka juu ya friji manowari aliyoichonga mume wangu kwa mbao za paleti za kubebea mizigo, mfano wa zile za Waingereza wa zamani, zenye injini ya mvuke na matanga.

“Makaa yakiisha, hii inakwama baharini?” nikamuuliza.

“Shemeji, acha michezo.”

Nikalilaza bomba lake la moshi. Nikainua propela, pangaboi la nyuma, ndani ya tundu lake, isizuie mwendo. Kisha nikavuta uzi, tanga kubwa likapanda.

“Makaa yakiisha, upepo upo. Na mimi, Mungu yupo,” nikamwambia. “Rudisha sanduku langu ndani.”