Jina la Bibi Yake

Siku hizo jina moja lilikuwa la mtu mmoja tu aliye hai, na mtoto asiyesajiliwa kufikia arobaini hakutibiwa popote. Siwema alibakiwa na siku moja kumsajili bintiye. Majina ya kwao yalishakwisha. Kwenye orodha ya usajili, simuni, yalibaki ya Kiayalandi. Alijaribu kutamka Saoirse, ulimi ukagoma, akalia.

"Usichague," alisema mama yake, akimpakata mjukuu. "Huyu ni Mwanakombo."

"Mwanakombo ni wewe, mama. Na u hai."

"Subiri hadi kesho."

Siwema alikwenda jikoni kuosha chupa, akakuta vidonge vya moyo vya mama yake, vya wiki nzima, vimetupwa kwenye ndoo ya taka. Akaikamata simu kwa mikono yenye povu, akabonyeza Saoirse.

Sebuleni, mama yake aliendelea kumbembeleza mtoto, akimwita Mwanakombo.