Pedi Sita

Mwanahawa alifungua sanduku la bintiye kutafuta uzi, akazikuta pedi sita za kitambaa alizomshonea. Karafuu alizozitia katikati miezi miwili iliyopita zilikuwa hazijaguswa.

"Siwema, mbona hujazitumia?"

Binti alijifunika uso kwa mikono, akalia.

Uani, wifi yake Mwanahawa alipaza sauti: "Wifi, vitambaa vya Siwema siku hizi sivioni kambani!"

"Ndiyo nafua sasa hivi, wifi."

Alizilowesha, akazipaka sabuni, akazifikicha moja moja, akazisuuza. Siku zote huzianika chini ya kanga, wanaume wasizione. Leo alizibana wazi juani.

Wifi alisogea, akayatazama matone yakianguka mchangani, safi kama maji yalivyotoka kisimani, bila hata dalili ya wekundu.