Mtu wa Nyumbani

Siku hizi kompyuta haisemi kinachoisumbua mpaka iulizwe na mtu wa nyumbani, na yenyewe ndiyo inayoamua nani wa nyumbani. Mimi hilo nililisikia njiani tu, maana mimi ni dereva wa safari ndefu, nimezoea barabara kuliko kiti cha nyumbani.

Juzi nilirudi kutoka Mpanda, nikamkuta mke wangu Mwanatumu anacheza gemu ya magari kwenye kompyuta yetu. Gari likafika kwenye kona, picha ikaganda. Nikamwambia asogee, nikakaa mimi.

"Una nini?" nikaiuliza.

"Samahani, mgeni. Nitamwambia mtu wa nyumbani."

Mwanatumu akacheka. "Usinune, mume wangu. Na wewe kaa basi, ikuzoee. Sogea niiulize."

Kabla hajaiuliza akaingia Mbaruku, jirani yetu, kurudisha bakuli. Akakiona kioo kimeganda, akasema bila kufikiri, "Una nini tena leo?"

"Feni imejaa vumbi, nachemka," ikamjibu papo hapo. "Brashi iko palepale ulipoiacha."

Mwanatumu akalipokea bakuli haraka.

"Kailete basi, jirani," nikamwambia.

Mbaruku hakusogea, lakini macho yake yalikwishatangulia kwenye pazia la chumbani kwetu.